Kazi yenye mwenyewe

Mgeni akiingia karakanani kwangu hapa Mtwara akawakuta vijana wameinamia jiliwa, kile kibano cha chuma cha mezani, hachukui muda atauliza: "Hawa wakimaliza wataajiriwa wapi?" Anauliza mzazi, anauliza diwani, aliuliza hata bwana aliyekuja kukagua mita ya umeme. Mimi humwonyesha rafu ya ukutani. Kuna mashine za kupulizia salfa, pampu ya mkono ya kisima cha kijiji, bawaba za geti, cherehani ya miguu, kiti cha magurudumu cha mzee mmoja wa Chikongola. Kila kitu kimefungwa kikaratasi chenye jina la mwenyewe na namba yake ya simu. Namwambia wataajiriwa pale. Wengi hucheka, wakidhani nimekwepa swali.

Sijakwepa. Nimeishi huku kusini miaka ya kutosha kuona ahadi kubwa za ajira zikija na kuondoka, na kila moja ilipoondoka nimekuwa nikiangalia nani amebaki na nini mikononi.

Ahadi ya kwanza sikuikuta, nilisimuliwa na mjomba wangu. Waingereza walianzisha mpango wa karanga mwaka 1947, na Nachingwea ilikuwa moja ya sehemu walizozichagua, pamoja na Kongwa na Urambo. Kwa ajili ya karanga hizo wakaamua kujenga bandari ya kina kirefu Mtwara na kutandaza reli ya kwenda bara. Mwaka 1951 mpango ukafutwa. Bandari ilikuja kukamilika mpango wenyewe ukiwa umeshazikwa, na reli ikang'olewa miaka ya mwanzo ya Uhuru. Mjomba alikuwa kijana wa kushika spana kwenye matrekta. Alivyosema yeye, kazi yake ilikuwa kuosha vipuri kwa mafuta ya taa na kuvipanga kwenye turubai kwa mpangilio ule ule vilivyotolewa, na akikosea anapigwa kibao. Wazungu walipoondoka yeye hakuondoka na karanga hata gunia, ila alibaki anajua injini ya dizeli ndani nje. Mashine za kusaga za kuanzia Nachingwea mpaka Masasi zilimlisha yeye na wanawe mpaka macho yalipomwishia.

Ya pili ilinikuta mwenyewe. Miaka ya 1970 serikali, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ilijenga viwanda vya kubangua korosho, vingi vyake huku kwetu, vikiwa na mitambo kutoka Italia na Japani. Mimi nilikuwa nimetoka kwenye mafunzo ya ufundi stadi yaliyokuwa chini ya wizara ya kazi enzi hizo, nina cheti cha majaribio ya ufundi vyuma, nikapata nafasi katika kiwanda kimojawapo. Mitambo ilikuwepo, watu tulikuwepo. Korosho ndizo hazikuwepo. Msimu wa 1973/74 nchi ilikuwa imevuna zaidi ya tani 140,000. Kufika 1986/87 zilikuwa hazifiki tani 20,000. Watu walikuwa wamehamishiwa vijiji vya Ujamaa, mbali na mikorosho yao, bei ilikuwa haimpi mkulima sababu ya kupalilia, na ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu mweupe, ulikuwa umeingia unakausha maua. Kiwanda kikawa kinawashwa siku chache, kisha hakiwashwi kabisa. Baadaye mengi ya majengo hayo yakawa maghala.

Jambo lililonikaa kichwani ni namna tulivyotawanyika siku zile. Walikuwepo wenzetu waliofundishwa mtambo mmoja tu. Mtu anajua vitufe vyake, anajua pa kutia grisi, anajua taa nyekundu ikiwaka amwite nani. Kwa kazi ile alikuwa hodari kweli, hata wakuu walimsifu. Mtambo ulipozimwa, ujuzi wake ukazimika nao, kwa sababu Mtwara nzima hapakuwa na mtambo wa pili kama ule ambao mtu binafsi angeumiliki. Wengine tuliokuwa tumeshikishwa tupa, msumeno, keekee na mchoro tulitoka pale tukiwa na njaa, lakini si watupu.

Ya tatu inajulikana na kila mtu. Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa mwaka 1982, ikaanza kutumika kuzalisha umeme wa huku mwaka 2006, kisha likaja bomba la kwenda Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500, na zile ghasia za 2013 za kulipinga, ambazo sina haja ya kuzirudia. Miaka ile kila kijana alitaka kujifunza kuchomelea mabomba. Nilikuwa na vijana waliokataa kabisa kugusa geti au kitanda cha chuma: "Mwalimu, sisi wa gesi." Sasa mtu yeyote aliyewahi kufanya kazi ya bomba anajua linavyokwenda. Kulilaza kunahitaji watu wengi kwa muda mfupi, wachomeleaji wa daraja la juu hasa, na likishalazwa linaangaliwa na watu wachache wanaokaa mbele ya kompyuta. Kiwanda kikubwa cha saruji kilichozinduliwa 2015 kimeajiri watu, sikatai, na mradi wa kusindika gesi wa Likong'o kule Lindi ukisimama utaajiri pia. Lakini kijana aliyefundishwa kwa ajili ya geti moja la kiwanda kimoja anasubiri lifunguliwe, na akisubiri sana anapanda basi kwenda Kariakoo kuuza soksi. Nawafahamu wachomeleaji wazuri wanaouza soksi.

Kiwanda cha korosho kilipolala nilipata kibarua kwenye visima. Wafini walikuwa wanasaidia miradi ya maji Mtwara na Lindi tangu miaka ya 1970, na pampu za mkono zilikuwa zimetapakaa vijijini, nyingine zimekufa kwa kukosa kipande cha mpira tu. Kulikuwa na fundi wao mmoja, mtu wa maneno machache, ambaye jioni alikuwa anachonga vijiko vya mti kwa kisu. Nilidhani ni upweke. Akaniambia shuleni kwao kila mtoto huchonga, kila mtoto hushona, hata yule atakayekuwa daktari. Uno Cygnaeus ndiye aliyeiingiza kazi ya mikono katika shule za watu wa kawaida Ufini, na sheria ya mwaka 1866 ikaifanya somo la kudumu. Hawakumkutanisha mtoto na mti ili awe seremala. Walitaka mkono na jicho vifikiri pamoja. Na mtoto alitengeneza kitu kinachotumika nyumbani: kijiko, mpini, kigoda. Mwalimu Msweidi, Otto Salomon, aliichukua njia hiyo akaifanyia utaratibu huko Nääs, walimu wakawa wanatoka nchi mbalimbali kwenda kuisoma.

Nilipokwenda Morogoro, chuo cha walimu wa ufundi stadi, nikakutana na upande wa pili wa hadithi. Huko Moscow, Victor Della Vos, aliyekuwa mkuu wa shule ya ufundi ya kifalme, aliona kumfundisha kijana kwa kumwacha asimame nyuma ya fundi ni kupoteza miaka. Akaivunjavunja kazi vipande vidogo: kupasua, kulainisha, kutoboa, kuunga. Kila kipande kikawa zoezi, kutoka jepesi kwenda gumu, na darasa zima likafanya zoezi moja kwa wakati mmoja. Mazoezi hayo yalipoonyeshwa kwenye maonyesho ya Philadelphia mwaka 1876, Wamarekani waliyapenda. Calvin Woodward akafungua shule yake ya mafunzo ya mikono St. Louis miaka michache baadaye. Mtihani wowote wa ufundi unaofanyika leo Tanzania, wenye kipande cha chuma cha vipimo hivi na pembe hizi, ni mjukuu wa Della Vos, watahiniwa wajue wasijue.

Mwalimu wetu alituuliza tuchague: zoezi au kijiko? Darasa likagawanyika, tukabishana mpaka saa ya chakula. Baada ya miaka yote hii nina jibu langu, na halijakaa sawa upande wowote.

Zoezi siliachi. Kijana akija kwangu, wa kike au wa kiume, kitu cha kwanza ni kipande cha chuma na tupa. Afanye uso mmoja uwe tambarare. Anadhani ni kazi ya asubuhi moja. Anasugua, anaweka pembemraba, kipimo cha chuma kilichonyooka, juu yake, ananyanyua kuelekea dirishani, anaona mwanga unapita katikati. Anasugua tena, sasa mwanga unapita pembeni, maana tupa imekuwa inapanda na kushuka kama mtumbwi. Mwili unakataa kwanza: mabega yanauma, kiganja kinatoka malengelenge. Kisha siku isiyotarajiwa mwanga unakatika wote, na utamwona mwenyewe ananyamaza anakitazama. Hakuna somo la nadharia linaloweza kumfundisha maana ya usahihi kama mwanga ule. Wanaosema vijana waingie moja kwa moja kwenye "miradi ya kuingiza kipato" hawajawahi kulipa gharama ya geti lisilofunga.

Lakini zoezi lina ugonjwa wake. Anayelisubiri ni mwalimu peke yake. Likishapata alama linatupwa kwenye pipa la chuma chakavu, na kijana analiona likitupwa. Ukimpa mwaka mzima wa vitu vya kutupa, anajifunza kwamba kazi huisha mwalimu anapoweka tiki. Ndipo unapomkuta mhitimu mwenye cheti safi, amechomelea kiungo kizuri cha kutazama, na hajui ajibu nini mwenye trela akirudi Jumatatu limekatika pale pale.

Ndiyo maana ya ile rafu. Nitaeleza kwa mfano mmoja kwa kirefu, kwa sababu ndani yake kuna karibu kila kitu ninachoamini.

Huku mikorosho ikianza kutoa maua, kwenye Juni hivi, mkulima anapambana na ubwiriunga, na silaha yake kubwa ni salfa. Anaipuliza kwa mashine ya kubeba mgongoni yenye injini ndogo. Maua hayamsubiri mtu. Mashine ikigoma wiki moja, hasara yake utaiona mnadani mwezi wa kumi. Siku hiyo akaja mzee kutoka barabara ya Nanguruwe, mashine kaifunga nyuma ya baiskeli. Akanitazama mimi. Nikamwelekeza kwa binti aliyekuwa mwaka wake wa kwanza.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Fundi yuko wapi?"

"Fundi ndiye mimi, babu. Mwalimu atakagua. Imeanzaje kusumbua?"

Mzee akageuka kwangu tena, nikajitia kutafuta bisibisi. Akaeleza: ilikuwa inalia vizuri, ikawa nzito, ikazima na haijawaka tena. Binti akavuta kamba ya kuwashia polepole, bila nguvu, akasikiliza. Kamba ilikuja laini mno. Akafungua plagi, akaiangalia: kavu, nyeupe. Hakukimbilia kabureta kama vijana wengi wanavyofanya. Akafungua bomba la moshi, akachungulia kwenye tundu kwa tochi ya simu, akamwita mzee naye achungulie. Pistoni ilikuwa imechubuka mistari ya wima, kama imekwaruzwa na msumari.

"Babu, petroli ulinunua wapi?"

"Kwa vijana wa bodaboda, ya chupa."

"Walikuchanganyia na oili?"

"Mjukuu wangu, mimi nilisema petroli."

Injini ilikuwa imenoki. Injini zile hazina mahali pa kuwekea oili kama za gari. Oili yake inakuja ndani ya petroli, na petroli ikiwa tupu chuma kinasugua chuma. Sasa hapo ndipo kazi yenye mwenyewe inapompeleka kijana mahali ambapo zoezi halimpeleki. Ilibidi amwambie mtu mzima, mwenye umri wa babu yake, kwamba kosa ni lake, bila kumvunjia heshima. Ilibidi amweleze kwamba pistoni na ringi mpya ni ghali, tena ziagizwe. Na ilibidi atafute njia nyingine, kwa kuwa maua yalikuwa yameshatoka. Nyuma ya karakana tuna lundo la mashine zilizokufa. Akazama humo na kalipa, akapima silinda moja baada ya nyingine, akiandika milimita na desimali zake kwenye kiganja. Huyu ni binti ambaye kidato cha nne hisabati ilimshinda. Alipata silinda na pistoni yake vikiwa bado vinafaa.

Mashine ilipowaka, mzee akataka kuondoka. Binti akamzuia. Injini ile inataka sehemu moja ya oili kwa sehemu 25 za petroli, lakini ukimwambia mkulima hivyo umemwambia nini? Akapiga hesabu ya dumu la lita tano: mililita 200. Akamwomba mama wa duka la dawa chupa tupu za dawa ya kikohozi, zile za mililita 100, akampa mzee: "Babu, dumu moja la lita tano, chupa mbili za oili. Tikisa kwanza." Mimi nilikuwa sijamfundisha jambo hilo la chupa. Tangu hapo tumelifanya utaratibu, kila mashine ya salfa inatoka hapa na chupa yake imefungwa kwenye mshipi.

Nikiulizwa elimu ya ufundi ni ya nini, huwa naanzia hapo kwenye chupa. Mtoto yule alisoma chuma, akapima, akapiga hesabu, akazungumza na mtu, kisha akafikiria nini kitatokea mashine ikishatoka mlangoni. Huwezi kuyagawa hayo ukasema haya ni ya mikono na haya ni ya kichwa.

Kuna wakati mwenye kazi ndiye anayekuwa mwalimu. Kikundi cha akina mama wabanguaji kutoka upande wa Tandahimba walituletea vifaa vyao vya kubangulia, vile vya mezani vyenye visu viwili na pedali ya mguu. Visu vilikuwa vimeisha. Vijana wakavichora, wakapata chuma cha springi za lori bovu, wakakipasha moto na kukifinyanga, wakakizamisha kwenye oili ili kiwe kigumu, kisha wakakirudisha motoni taratibu mpaka rangi ya majani makavu ilipojitokeza. Ukiacha hatua hiyo ya mwisho kisu kinakatika kama kigae, ukiipitiliza kinalegea. Visu vikatoka vizuri, kwa vipimo vya mchoro havikuwa na dosari. Akina mama wakavijaribu, na korosho moja kwa mbili ikawa inatoka vipande. Korosho iliyovunjika ina bei yake, na iliyo nzima ina bei yake nyingine kabisa. Mama mmoja akamchukua kijana aliyevichonga akamketisha. "Mwanangu, mchoro wako una korosho ngapi?" Kijana hakuelewa. Akamwagia mezani konzi ya korosho: kubwa, za kati, ndogo, nyingine zimepinda zaidi. Wao huzitenga kwa ukubwa kabla ya kubangua, na kila fungu linataka nafasi yake kati ya visu. Vijana wetu walikuwa wamepima korosho moja. Wakatengeneza upya, safari hii na skrubu ya kurekebisha nafasi. Wawili kati yao walidharau kupaka mafuta mikononi, wakaunguzwa na utomvu wa ganda, vidole vikachunika. Sikuwaonea huruma sana.

Kitu cha namna hii si kigeni kwetu. Wamisionari Wabenedikti walipofika Ndanda mwaka 1906, kabla ya mengi walihitaji milango, paa, vitanda na magurudumu, na karakana zao zilifundisha vijana kwa kazi ambazo zilikuwa zinasubiriwa ng'ambo ya uwanja. Mpaka leo ukisema huyu seremala amejifunza Ndanda, mteja anapunguza maswali. Na kabla ya Wabenedikti, Mmakonde alimfundisha mwanawe kuchonga kwa namna hiyo hiyo, mtoto akianza na vitana na vifuniko vidogo.

Mbona basi wazazi hawaipendi? Wanaipenda kwa mtoto wa jirani. Nina wazazi wanaoniletea kijana wakisema mbele yake, "Mwalimu, huyu kichwa hana, mfundishe hata kuchomelea." Mtoto anasikia. Nilikuwa nawakasirikia, mpaka nilipoisoma historia ya jambo hili nikaona hofu yao ina mizizi. Mwalimu mweusi, Booker T. Washington, alianzisha shule yake ya Tuskegee, Marekani, mwaka 1881, na wanafunzi wake walifyatua matofali na kujenga majengo yao wenyewe. Hakuna fundi asiyeheshimu hilo. Lakini kulikuwa na watu weupe waliolipenda kwa sababu nyingine: waliona ni njia ya kumweka mtu mweusi kwenye jembe na nyundo asidai kingine. W.E.B. Du Bois, msomi mweusi wa huko huko, aliliona mapema akapinga. Kisha tume ya elimu ya Phelps-Stokes, ya mfuko wa Kimarekani, ikazunguka Afrika Mashariki mwaka 1924, Tanganyika ikiwemo, ikipendekeza elimu iliyolingana na maisha ya kijijini, ikitazama mifano kama ya Tuskegee. Mapendekezo mengine yalikuwa ya busara. Ila Mwafrika aliyeona watoto wa Wazungu hawapewi elimu hiyo alielewa anachopangiwa.

Mwalimu Nyerere alipoandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967 alijaribu kukata mzizi huo: kazi iwe ya kila mwanafunzi, si ya walioshindwa. Kwenye karatasi sijaona lililo bora zaidi. Kwenye shule niliyosoma mimi ilikuwa shamba la mihogo, na aliyechelewa namba ndiye aliyelima zaidi. Kazi ikawa adhabu, na kizazi changu kiliondoka nayo hivyo moyoni. Vile vituo vya ufundi vya waliomaliza shule ya msingi navyo vilianza kwa nia njema, vingi vikafa kwa kukosa hata misumari. Sheria ya mwaka 1994 iliyounda VETA, mamlaka ya ufundi stadi, ilileta jambo moja la maana ambalo watu hawalisemi: fedha za uhakika, kwa tozo inayolipwa na waajiri. Na urasimishaji wa ujuzi umewapa vyeti mafundi wa mtaani waliojifunzia chini ya mwembe. Kijana wangu mmoja alipimwa kwa utaratibu huo, akatoka na cheti cha kazi aliyokuwa akiifanya muda wote bila jina.

Sasa tuna mkondo wa amali, yaani wa ufundi na stadi za kazi, sekondari, tangu Januari 2024, kwa sera ya elimu ya 2014 toleo la 2023. Nimeulizwa maoni mara nyingi. Naupenda, kwa sharti moja: fizikia isiondoke karakanani. Shule kama Mtwara Ufundi zilijengwa juu ya wazo hilo, kwamba anayechora na anayekata ni mtu yule yule, na waliopita kwenye shule za namna ile hawakuonwa kama walioanguka. Mkondo wa amali ukigeuka kuwa chumba cha watoto wa alama za chini, tutakuwa tumerudi 1924 kwa miguu yetu.

Kuhusu vifaa nitasema kwa ufupi, kwa kuwa hasira hazinisaidii presha. Nimewahi kufika chuo kimoja nikaonyeshwa mashine mpya za kukereza, bado zimevikwa nailoni. Zilitaka umeme wa fezi tatu. Chuo kilikuwa na fezi moja. Tupa za wanafunzi zilikuwa zimeisha meno. Bei ya mashine moja ingenunua tupa za kizazi kizima.

Mwaka jana mkuu wa shule moja ya sekondari, wilaya ya jirani, alinijia. Shule yake imeingizwa kwenye amali, ana mwalimu mmoja wa ufundi na chumba kilichokuwa stoo ya chakula. Akaniuliza aanze na nini. Nikamwambia anunue jiliwa, tupa na misumeno, halafu atangaze msikitini, kanisani na kwenye ofisi ya chama cha ushirika kwamba shule inapokea vitu vibovu. Akashtuka. "Fundi, mtoto akiharibu mashine ya mtu mimi nitalala wapi?"

Swali zuri, na tulikaa nalo mchana mzima, maana hapo ndipo mipango mingi ya namna hii inapofia. Tulichokubaliana ni hiki. Kitu hakipokelewi bila karatasi: mwenyewe ataje kimeharibikaje, mwanafunzi aandike alichokiona kabla hajagusa, mwalimu asaini. Vipuri ananunua mwenye kitu, kazi ni bure muhula wa kwanza, baadaye analipa kidogo na fedha inaingia mfuko wa karakana. Wanafunzi wakikiharibu zaidi ya kilivyokuja, mfuko unalipa, na aliyekiharibu anakwenda na mwalimu kwa mwenyewe kueleza kwa mdomo wake. Umeme wa njia kuu na breki za pikipiki hawagusi mpaka kidato cha tatu. Mashine za salfa zinapokelewa kuanzia Aprili, si Juni, ili kosa lipate muda wa kurekebishwa kabla ya maua.

Kipengele cha kueleza kwa mdomo ndicho kilicholeta ubishi mkubwa kwenye kamati ya shule. Mzazi mmoja alisema ni kumdhalilisha mtoto. Kikapita kwa kura, kwa tofauti ndogo. Mashine za kwanza walipokea Aprili hii, na mkuu amenipigia mara mbili kuuliza wapi anaweza kupata ringi.